Mzigo wangu haukuungua, mbona nalipishwa moto?

SWALI: Asalaam aleikum Mzee. Mimi ni mama wa Kisauni, nauza mikoba na viatu vya watoto kwa simu. Napiga picha, naweka TikTok na WhatsApp, mteja analipa kwa M-Pesa, mtu wa boda anapeleka. Mzigo nauchukua Guangzhou kupitia wakala anayekusanya bidhaa za watu wengi kwenye kontena moja. Safari hii nilipakia katoni 14, thamani yake shilingi 420,000, nikitaraji ziuzwe kabla ya Idd. Meli ikashika moto baharini, ikavutwa hadi bandari ya njiani, na baada ya wiki nyingi kontena letu limefika Mombasa. Moto haukuligusa. Sasa wakala anasema kila mwenye mzigo atoe asilimia 20 ya thamani ya mzigo wake ndipo akabidhiwe. Kwangu mimi ni shilingi 84,000. Wenzangu kwenye grupu wanasema huu ni wizi mtupu. Je, ni kweli nadaiwa? Na biashara hii niendelee nayo, ikiwa nauli inapanda, siku zinaongezeka, na sasa kumezuka hili? Mwanaisha, Kisauni.

JIBU: Waaleikum salaam Bi Mwanaisha. Pole sana. Idd iliyokupita na mzigo uko baharini najua ina maana gani kwa mtu anayezungusha mtaji mmoja mwaka mzima.

Nianze na jibu lenyewe. Deni la namna hii lipo, ni halali, na ni la kale kuliko meli za chuma. Wenzako wanaosema hakuna kitu kama hicho wamekosea. Lakini deni kuwepo ni jambo moja, na anayekudai kuwa mkweli ni jambo jingine. Kwa hivyo usikatae kulipa, na usilipe leo. Omba karatasi kwanza, nami nitakueleza ni zipi. Kazi yangu kwa miaka 26 hapa Kilindini imekuwa kukagua mizigo iliyopatwa na maafa baharini, na wengi niliowaona wakilia hawakulizwa na moto wala maji. Walilizwa na kukosa karatasi.

Chukua mfano wa jahazi, maana huko ndiko sheria hii ilikozaliwa. Jahazi limetoka Lamu limepakia boriti za mtu mmoja, chumvi ya mwingine na mikeka ya mwingine. Kusi likavuma kuliko lilivyotarajiwa, maji yakaingia, nahodha akaona chombo kitazama. Akaamuru watose. Mabaharia hawakuuliza hizi boriti ni za nani, walitosa kilichokuwa juu na kizito. Chombo kikapona, kikafika Mombasa na chumvi na mikeka salama. Je, mwenye boriti abebe hasara peke yake, hali boriti zake ndizo zilizonunua usalama wa wengine wote? Watu wa bahari walijibu zamani kwamba haiwezekani. Kila aliyepona atachangia, mwenye chombo naye akiwemo, kila mtu kwa kadiri ya thamani ya chake kilichopona. Warumi waliliandika hili katika mkusanyo wa sheria wa mfalme Justinian mwaka 533, wakisema wamelipokea kutoka kisiwa cha Rhodes. Leo linafuata kanuni zinazoitwa York-Antwerp, ambazo zimefanyiwa marekebisho mara nyingi, ya karibuni yakiwa ya 2016. Katika ofisi za bima hapa mjini utasikia likiitwa jenero avereji. Mimi nitaliita hasara ya pamoja, kwa sababu ndivyo lilivyo.

Sasa rudi kwenye meli yako. Moto ulipowaka, kulikuwa na hasara za aina mbili, na tofauti yake ndiyo inayowachanganya watu. Katoni zilizoungua kwa ule moto wenyewe ni hasara ya wenyewe tu, hakuna anayewachangia. Lakini katoni zilizokuwa nzima, zikaharibika kwa maji yaliyomiminwa kuzima moto, hizo zimetolewa mhanga kwa ajili ya wote. Gharama za bandari ile ambayo meli ilikimbilia, za kushusha makontena ili wafike kwenye chanzo cha moto na kuyapakia tena, zinaingia humo humo. Juu ya hizo kuna malipo ya waokoaji, wale wenye matagi waliokwenda kuivuta meli. Wao hulipwa kwa kuangalia thamani ya walichookoa, na viatu vyako vimo ndani ya walichookoa. Kwa hivyo unapouliza, "Mzigo wangu ni mzima, kwa nini nilipe?", jibu la bahari ni gumu kidogo kulimeza: unalipa kwa sababu ni mzima. Aliyepoteza kila kitu hadaiwi.

Asilimia 20 uliyotajiwa si ya ajabu. Machi 2018 meli Maersk Honam iliwaka moto katika Bahari ya Uarabuni ikitoka Singapore kuelekea Suez, na mabaharia 5 wakafariki. Wenye mizigo iliyopona walitakiwa waweke dhamana ya asilimia 42.5 ya thamani kwa ajili ya waokoaji na nyingine 11.5 kwa ajili ya hasara ya pamoja. Jumla ni asilimia 54. Mtu mwenye mzigo wa dola 10,000 aliambiwa alete dola 5,400 au mzigo haumtoki. Na Ever Given, ile meli ya mita 400 iliyokwama Suez tarehe 23 Machi 2021 ikaziba njia kwa siku 6, hata moto haikushika. Ilitangaziwa hasara ya pamoja vilevile, na ikazuiliwa Misri hadi Julai, mizigo ya watu ikiwa ndani yake.

Jambo ambalo wakala wako huenda hakukwambia, na kwako ndilo lenye pesa, ni kwamba hicho unachotakiwa kutoa ni amana. Bei ya mwisho haijajulikana. Mwenye meli huteua mtaalamu wa kupiga hesabu, anayejulikana kama mkadiriaji wa hasara, akusanye kila ankara ya matagi, ya bandari, ya mafuta na ya mizigo iliyotoswa au kulowa, kisha agawe. Hesabu hiyo huchukua miaka, mara nyingi miaka miwili au mitatu, na kwa meli kubwa hata zaidi. Ikitoka na kuonyesha sehemu yako ni asilimia 13, basi zile 7 zilizozidi ni zako na unarudishiwa. Lakini atarudishiwa nani? Yule ambaye jina lake limo kwenye risiti ya amana. Kama wakala amelipa kwa jina lake kwa niaba ya kontena zima, akakusanya kwenu wote kwa simu, na nyinyi hamna hata kijikaratasi, basi miaka mitatu baadaye yale masalio yatarudi kwake, nawe utakuwa umeshasahau. Sisemi kwamba atakula. Nasema hutakuwa na la kumwonyesha.

Basi karatasi zenyewe. Mwombe wakala barua ya tangazo la hasara ya pamoja. Barua ya kweli inataja jina la meli, namba ya safari, tarehe na mahali tukio lilipotokea, na jina la kampuni ya ukadiriaji iliyoteuliwa pamoja na namna ya kuwafikia. Mwombe namba ya kontena, herufi 4 na tarakimu 7, uitafute mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni ya meli uone kama kweli lilikuwa katika chombo hicho na limepita bandari alizotaja. Omba nakala ya ile BL kuu, hati ya shehena iliyotolewa na wenye meli. Humo hutaliona jina lako, utaona la wakala, na hilo ni la kawaida kwa kontena la kuchangia. Lako linapaswa kuwa kwenye hati ndogo ambayo wakala anatakiwa akupe wewe. Kisha omba fomu mbili ambazo hata mwenye katoni moja hujaza: ahadi ya kuchangia, ambayo unatia saini, na fomu ya thamani, ambayo unaambatanisha ankara yako ya Guangzhou. Ukishakuwa na jina la mkadiriaji, mwandikie barua pepe wewe mwenyewe, kwa anwani uliyoitafuta wewe, isiwe ile aliyokutumia wakala. Muulize: je, kontena hili limo katika orodha yenu, na dhamana mliyoweka ni asilimia ngapi?

Hapo ndipo utakapojua ukweli. Ikiwa mkadiriaji anasema ni 14 na wakala anasema ni 20, zile 6 ni za nani? Huenda zina maelezo, kwa mfano gharama za benki au za yadi, lakini ziandikwe kando, zisijifiche ndani ya jina la hasara ya pamoja. Na pesa za amana huwekwa katika akaunti maalumu ya kuzihifadhi. Ukiambiwa utume kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, simamisha kila kitu.

Swali moja liwahi yote haya: muulize kama yeye mwenyewe ameikatia mizigo ya kontena bima ya baharini. Wapo mawakala wanaokata, na wateja wao hawajui. Ikiwepo, kampuni ya bima hutoa barua ya dhamana badala ya pesa taslimu, mzigo ukatoka, nawe usitoe hata shilingi.

Kuna kero ambayo kontena la kuchangia linayo na kontena la mtu mmoja halina. Mwenye meli ana haki ya kuushikilia mzigo hadi dhamana itimie, na kwake yeye kontena ni kitu kimoja. Nakumbuka kontena moja katika yadi ya Changamwe, miaka kadhaa nyuma, lenye wenyewe zaidi ya 60. Tulilifungua kwa ukaguzi asubuhi, joto likatoka kama la tanuri. Katoni zilikuwa zimepangwa hadi kwenye paa, kila moja imeandikwa kwa kalamu nene jina la kina mama na namba ya simu: Mama Salma Likoni, Mama Baraka Mtwapa, vitenge, sahani, nywele bandia. Hakuna iliyoharibika. Wenyewe wote walikuwa wametoa amana isipokuwa mwanamume mmoja mwenye katoni 3 za vipuri vya pikipiki, aliyeapa hatoi senti. Kwa ajili ya katoni zake 3 lile kontena lilikaa wiki 5 zaidi, gharama za yadi na za kuchelewesha kontena zikipanda kila siku kwa watu wote. Mwishowe wale wengine walichanga wakamlipia, wakachukua vyao. Kwa hivyo zungumzeni kwenye hilo grupu lenu. Badala ya kubishana kama ni wizi, chagueni watu wawili wafuate karatasi kwa niaba ya wote, maana kila siku mnayobishana ina bei yake.

Nina la kukuonya kuhusu ile fomu ya thamani. Najua, na kila mtu wa Kilindini anajua, kwamba kuna wenye ankara mbili: moja ya kweli na moja ndogo ya forodha. Usithubutu. Kanuni za York-Antwerp zimeliwekea jambo hili mtego maalumu. Aliyetaja thamani ndogo kuliko ya kweli, mzigo wake ukiharibiwa kwa ajili ya wote atafidiwa kwa ile thamani ndogo aliyoitaja, lakini mzigo ukipona atachangia kwa thamani ya kweli. Anapoteza huku na huku.

Utaniuliza, na mwenye meli je, si yeye aliyepakia moto? Mara nyingine kosa huwa lake kweli, na likithibitishwa wenye mizigo wanaweza kukataa kuchangia. Ila dhamana huwekwa kwanza, ubishi wa mawakili unafuata. Kuhusu fidia ya kawaida ya vilivyoungua, kanuni za Hague za 1924, ambazo ndizo mama wa mikataba mingi ya usafirishaji, zinamwondolea mwenye meli lawama ya moto isipokuwa uwe umetokana na kosa lake mwenyewe. Usiweke matumaini huko.

Tumaini lako lilikuwa bima, na hapa nasema kwa uchungu kwa sababu ilikuwa rahisi mno. Bima ya mizigo ya baharini kwa bidhaa za kawaida kama zako mara nyingi haifiki asilimia moja ya thamani. Tuipe hata asilimia moja nzima: shilingi 4,200, pengine kidogo zaidi kwa kuwa kampuni huwa na kiwango cha chini. Leo unatafuta 84,000. Tena sheria ya Kenya inataka mzigo unaoingia nchini ukatiwe bima na kampuni ya hapa hapa, na tangu Januari 2017 serikali ilianza kulisimamia hilo kwa dhati. Mifumo ya kawaida ya bima hii iko mitatu, A, B na C. A ni pana, inashika hata wizi na kuvunjika. C ni nyembamba, inashika makubwa tu kama moto, kuzama na kugongana. Lakini zote tatu, hata ile C ya bei nafuu, zinalipa mchango wa hasara ya pamoja. Ungekuwa na cheti cha C kilichoandikwa jina lako, ungempelekea mtu wa bima barua ya wakala na kuendelea na shughuli zako.

Usikubali neno "tutakufidia" badala ya cheti. Wakala anayesema "kwetu mzigo ukipotea tunalipa" ametoa ahadi, hajakata bima, na siku kontena la watu 60 linapozama hana pesa za kuwalipa wote 60. Na ujue mipaka ya bima yenyewe. Vita ina kifungu chake cha kuongezwa. Na ucheleweshaji haulipwi na yoyote kati ya hizo tatu. Idd uliyoikosa, bima isingekurudishia. Hiyo inahitaji dawa nyingine, nitaifikia.

Kabla ya hapo nizungumze na wewe na wenzako juu ya huo moto, kwa sababu sisi wenyewe tunahusika. Meli za makontena zinawaka, na sababu moja inayorudiwarudiwa katika taarifa za uchunguzi ni bidhaa za hatari zilizotajwa kwa jina lisilo lao: makaa, kemikali za kusafishia maji, betri za lithiamu. Biashara ya mtandaoni imejaa betri hizo. Pawabenki, earphone, feni ndogo za mkononi, vidoli vinavyotembea, vipodozi na manukato yenye spiriti. Muuzaji wa kule anajua akitaja betri nauli inapanda na wakala atakataa, basi anaandika "vifaa vya simu" au "vidoli", katoni inaingia katikati ya nguo na viatu vya watu, ndani ya chuma kinachopata joto la bahari ya ikweta kwa wiki kadhaa. Sijui kilichowasha meli yako. Lakini wewe unayepakia viatu una haki ya kumuuliza wakala, kabla ya kulipa, kama anapokea betri, na akipokea anazipakia kontena gani. Na ukianza kuuza pawabenki siku moja, zitaje kwa jina lake. Humo ndani ya meli kuna watu wasiopungua ishirini wanaolala juu ya mzigo wako.

Sasa nauli. Umesema inapanda, na wengi wameniuliza: vita vya Bahari ya Shamu vinatuhusu nini sisi, na mzigo wa China haupiti huko? Ni kweli haupiti. Unashuka kusini, unapita mlango wa Malaka, mara nyingi unabadilisha meli Singapore, Port Klang au Colombo, kisha unakata bahari moja kwa moja kuja kwetu. Lakini tarehe 19 Novemba 2023 Wahouthi, wale wapiganaji wa Yemen, waliiteka meli ya magari Galaxy Leader, wakaendelea kurusha makombora na droni, na Machi 2024 mabaharia 3 wakauawa ndani ya True Confidence. Kampuni kubwa zikaziondoa meli zao Suez zikazizungusha Rasi ya Tumaini Jema, kule kusini kabisa mwa Afrika. Njia ya Asia hadi Ulaya ikarefuka kwa siku 10 na zaidi. Meli iliyokuwa ikienda na kurudi kwa idadi fulani ya siku ikahitaji wiki kadhaa zaidi, kwa hivyo ili kuhudumia njia ile ile zinahitajika meli zaidi. Zinatoka wapi? Zinanyofolewa kwenye njia ndogo, na ya kwetu ni mojawapo. Makontena matupu yanachelewa kurudi China. Bandari za kubadilishia meli zinasongamana, kama Singapore ilivyosongamana katikati ya 2024, na katoni zako zinakaa juu ya zege zikisubiri nafasi. Dau la mnyonge haliendi joshi, Bi Mwanaisha. Nafasi ikiwa haba, anayelipa zaidi ndiye anayepakiwa, na mzigo wa Rotterdam hulipa zaidi kuliko wa Mombasa. Hata bahari yenyewe ya kusini huko ni kali. Makontena 576 yalianguka baharini duniani mwaka 2024, dhidi ya 221 mwaka uliotangulia, na karibu 200 kati ya hayo yaliangukia eneo la Rasi. Kati ya makontena milioni 250 yanayosafirishwa kwa mwaka hiyo ni idadi ndogo sana, wala usikoseshwe usingizi nayo.

Kinachopaswa kukukosesha usingizi ni namna nauli inavyozaa kodi. Forodha ya Kenya haitozi ushuru kwenye bei ya kiatu peke yake. Inajumlisha bei, bima na nauli ya kufikisha mzigo Mombasa, kisha inatoza juu ya jumla hiyo. Tuseme nauli ya katoni zako imepanda kwa shilingi 40,000. Ushuru ukiwa asilimia 25, na zipo bidhaa zinazotozwa 35, umeongeza 10,000. VAT ya asilimia 16 inakuja juu ya hizo 50,000, ni 8,000 nyingine. Nauli ilipanda 40,000, wewe mfukoni umetokwa na 58,000, na bado sijahesabu tozo ndogo ndogo za uingizaji. Wakala wako anakupa bei moja ya kila kitu kwa mita ya ujazo, ile mnayoiita CBM, kwa hivyo haya huyaoni. Unaona tu kwamba bei ya CBM imeruka. Mwombe akuvunjie: nauli kiasi gani, kodi kiasi gani, bima ipo au haipo. Akikataa kukuonyesha kila mara, tafuta mwingine. Wako wengi Mwembe Tayari na Nairobi, na si wote wanaoficha.

Uendelee au uache? Mimi ningeendelea. Wateja wako wapo kwenye simu na hawarudi nyuma, na bandari hii, ambayo mwaka 2024 ilipitisha makontena zaidi ya milioni 2 kwa vipimo vya futi 20, haipungukiwi na meli. Ila mtaji wako wote usiupakie chombo kimoja. Katoni 14 zigawe 7 na 7, zipishane kwa wiki tatu, hata kama wakala atakunyima kipunguzo cha wingi. Mzigo wa Idd usiuhesabu kwa siku za meli peke yake. Meli ikija moja kwa moja ni wiki tatu au nne hivi, lakini kuna kukusanya kule ghala la Guangzhou hadi kontena lijae, kuna kubadilisha meli, kuna kutoa bandarini na kupanga yadini. Mimi ningehesabu miezi mitatu kamili kurudi nyuma. Vile vinavyotakiwa siku ya Idd yenyewe, viatu vya kupendeza katoni moja au mbili, ningevileta kwa ndege na kupandisha bei kidogo.

Na kama wapo wateja waliokwisha kukulipa nusu, waandikie leo. Usiwaambie "mzigo uko njiani", maana umekuwa njiani tangu Shaaban. Waambie meli ilishika moto, mzigo umefika mzima, kuna dhamana inashughulikiwa, na anayetaka pesa yake arudishiwe aseme. Watakaobaki watakuwa wengi kuliko unavyodhani. Kwa oda zijazo usiandike tarehe ya kufika. Andika kati ya wiki fulani na wiki fulani.

Kuhusu zile 84,000: ikiwa bima haipo, karatasi zimekamilika na mkadiriaji amethibitisha kiwango, lipa. Mzigo wa 420,000 hauachwi yadini kwa ajili ya sehemu ya tano yake, na ukiuacha mwenye meli ana haki ya kuuza ili ajilipe. Kabla ya kutia saini ya kupokea mzigo, nenda yadini katoni zifunguliwe mbele yako. Nusa. Moshi huingia kwenye ngozi bandia hata pale moto ulipokuwa makontena kumi mbali, na mkoba unaonuka moshi hauuziki. Ukikuta harufu au umajimaji, andika hapo hapo kwenye karatasi ya kupokea mzigo kwamba umepokea ukiwa na kasoro, piga picha, na uyapeleke yote kwa mkadiriaji, kwa sababu thamani ya mzigo ulioharibika imepungua na mchango wake hupungua pia.

Risiti ya amana iwe na jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya kontena, na kiasi. Ikiwa imetolewa kwa mashine ya karatasi laini, toa fotokopi siku hiyo hiyo, maana kwa joto letu maandishi yale hufifia ndani ya mwaka, na hii utahitaji kuisoma mwaka wa tatu.